Tani Iliyouzwa Ng'ambo, Moshi Uliobaki Kipsongo

Januari 2014 wakulima wadogo wa Nyanza na Bungoma walipata kitu ambacho mkulima mdogo wa Kenya hakuwa amewahi kukipata kwa jembe lake: hati za kaboni ya udongo. Zilikuwa za tani 24,788 za hewa ya kaboni, na aliyeingia mkataba wa kuzinunua ni Mfuko wa BioCarbon ulio chini ya Benki ya Dunia. Mradi huo ulisimamiwa na Vi Agroforestry, shirika la Uswidi lililoanza kupanda miti upande wa Kitale na Pokot Magharibi tangu 1983. Wakulima walifundishwa kuacha kuchoma mabua, kutandaza mabaki ya mahindi shambani, kuchimba mashimo ya mboji, na kupanda sesbania, kaliandra na grevilea kwenye mipaka. Udongo ukashika kaboni, wataalamu wakaikadiria, tani zikaingia daftarini. Daftari hilo lina nafasi ya jina la mradi, mwaka na idadi ya tani. Halina nafasi ya hewa ambayo mtu wa Kitale aliivuta msimu huo.

Kipsongo ni mtaa wa wanyonge ubavuni mwa mji wa Kitale. Wengi wa wakazi wake wana asili ya Turkana, watu waliosukumwa na ukame na uvamizi wa mifugo wakaja kutafuta riziki mahali penye mvua na mahindi. Hawana ekari za kutandazia mabua wala mpaka wa kupandia grevilea. Vibanda vingi ni vya fito zilizopindwa, vikafunikwa kwa magunia na karatasi za plastiki, na ndani yake mama anapika juu ya mafiga matatu kwa kuni za kuokota, vipande vya mbao, au mkebe wa makaa akizipata hela. Kibanda cha namna hiyo hakina dirisha. Moshi hutafuta njia kupitia mlango uleule anaoingilia mtoto, na kabla haujatoka umeshapita kifuani mwa kila aliyemo. Shambani Bungoma tani imehesabiwa na kuuzwa. Kipsongo, mwendo mfupi kwa matatu, hakuna aliyehesabu kitu. Ndiyo sababu nauliza: biashara ya kaboni inapofanyika mahali pamoja, hewa ya mji jirani inakuwaje?

Jibu langu ni kwamba biashara hii, kwa jinsi ilivyoundwa, haiuoni mji jirani kabisa. Inaweza kuufaidi, inaweza kuuumiza, na mara nyingi haiugusi. Lolote litakalotokea huwa ni bahati. Tena si kwamba wauzaji wana roho mbaya. Upofu huo umo ndani ya bidhaa yenyewe inayouzwa, na kama hatukuuelewa vizuri tutaendelea kushangilia mabilioni ya shilingi za kaboni huku watoto wakikohoa palepale.

Tuanze na bidhaa hiyo. Mkataba wa Kyoto ulioafikiwa 1997 na kuanza kutumika 2005 ulizipa nchi tajiri viwango vya kupunguza hewa chafu, ukaziruhusu kutimiza sehemu ya wajibu huo kwa kununua upunguzaji uliofanyika kwingine. Kuna sura mbili za soko hili. Ya kwanza ni ya kikomo: serikali inasema viwanda vyote kwa jumla visizidi kiasi fulani cha tani, inagawa au kuuza vibali, na kiwanda kinachopunguza kwa gharama ndogo kinamwuzia mwenzake anayeona kupunguza ni ghali. Umoja wa Ulaya ulianza hivyo 2005, California 2013, China ikafungua soko la taifa zima 2021. Sura ya pili ni ya fidia: kampuni ya ng'ambo inaendelea kuchafua kwake, lakini inalipia tani iliyozuiliwa mahali pengine, kwa miti, jiko, au udongo. Kenya inaijua hii ya pili tu. Hakuna kiwanda cha Webuye wala Eldoret kilichowekewa kikomo cha tani ambacho lazima kisikivuke au kinunue kibali.

Sura zote mbili zinasimama juu ya ukweli mmoja wa sayansi: hewa ya kaboni ikishapaa huchanganyika duniani kote. Tani iliyotoka Nairobi na tani iliyotoka Berlin zinaipasha dunia joto sawasawa. Kwa hiyo ni halali kusema, punguza pale penye nafuu ya gharama. Hoja hiyo haina kasoro kwa upande wa joto. Kasoro iko kwingine: hewa ya kaboni haisafiri peke yake. Kinachoungua, kiwe kuni, dizeli, makaa ya mawe au makapi ya miwa, hutoa pia masizi, salfa dayoksaidi, oksaidi za nitrojeni, na chembechembe laini ambazo upana wake hata haufiki sehemu ya 20 ya unywele wa binadamu. Hizo hazingoji kuenea duniani. Nyingi huangukia jirani, juu ya mabati yake, kwenye nguo alizoanika, ndani ya mapafu yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa nyumbani peke yake uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020. Hao hawakuuawa na joto la dunia. Waliuawa na wale wasafiri wenza wa hewa ya kaboni.

Chukua mfano wa kubuni. Tuseme viwanda viwili, kimoja Kitale kingine Webuye, vimewekewa kikomo. Cha Kitale kinaweza kupunguza tani moja kwa shilingi 1,000, cha Webuye kwa shilingi 5,000. Mwenye akili za biashara atapunguzia Kitale, na wa Webuye atanunua kibali. Hesabu ya dunia imetimia na wote wawili wamepata nafuu. Lakini masizi ya Kitale yamepungua na ya Webuye yamebaki palepale, pengine yameongezeka, kwa sababu sasa kiwanda kina karatasi halali ya kuendelea. Mkazi wa Webuye hakuulizwa. Hata bei ya kibali haikumfikia. Pesa zilitoka kwenye kiwanda kinachomchafulia zikaenda mji wa jirani.

Jambo hili limechunguzwa kwa makini kule soko lilikoanza mapema. California, watafiti wakiongozwa na Lara Cushing walichapisha 2018 uchunguzi wa miaka ya kwanza ya soko la jimbo hilo. Waliona kwamba zaidi ya nusu ya viwanda vilivyowekewa kikomo, asilimia 52, vilitoa hewa chafu zaidi kwa wastani baada ya biashara kuanza kuliko kabla yake. Mitaa iliyozidishiwa uchafu ilikuwa na maskini wengi zaidi, na watu wengi zaidi wasio weupe, kuliko mitaa iliyopata nafuu. Wanaharakati walishika matokeo hayo kama ushahidi kwamba biashara ya kaboni ni dhuluma. Halafu 2023 wachumi wawili, Danae Hernandez-Cortes na Kyle Meng, wakatoa hesabu nyingine. Wao walijiuliza hali ingekuwaje kama soko lisingekuwepo, wakafuatilia moshi unavyosukumwa na upepo kutoka kiwanda hadi mtaa, wakaona pengo kati ya mitaa ya maskini na mingine lilipungua tangu 2013.

Msomaji anaweza kudhani mmoja wao amekosea. Sioni hivyo. Wa kwanza walihesabu kilichopanda na kilichoshuka. Wa pili waliuliza soko lenyewe lilichangia nini katika kupanda na kushuka huko. Uchumi wa jimbo ulikuwa unapata nguvu baada ya mdororo, na viwanda huzidisha kazi wakati kama huo, soko liwepo lisiwepo. Kinachonigusa zaidi ni walichofanya wabunge wa California. Julai 2017, walipoongeza muda wa soko lao, walipitisha pamoja nalo sheria ya pili inayoamuru hewa ipimwe mtaa kwa mtaa katika maeneo yanayoumia zaidi, na mipango ya kuisafisha iandikwe pamoja na wakazi. Hawakubishana mpaka mwisho kuhusu nani yuko sahihi. Walikubali kwamba soko halina macho ya mtaa, wakalitafutia macho.

China inatuonyesha upande mwingine, ule wa miji inayopakana. Majaribio ya soko yalipoanza huko 2013, Beijing na Tianjin zilikuwamo, lakini mkoa wa Hebei unaozizunguka haukuwamo. Hofu ya uchafu kuhamia kwa jirani haikuwa ya kufikirika. Miaka michache kabla yake kiwanda kikubwa cha chuma cha Shougang kilikuwa kimeondolewa Beijing na kujengwa upya Caofeidian, pwani ya Hebei. Kilichokihamisha si biashara ya kaboni; ni Beijing kutaka anga safi, hasa kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya 2008. Hata hivyo somo ni lilelile. Mji ukiwekewa kikomo na jirani yake akaachwa wazi, moshi una pa kukimbilia. Na upepo haujui mpaka wa mkoa. Sehemu ya moshi uliofukuzwa hurudi.

Sasa turudi nyumbani, na kituo cha kwanza ni Webuye, katika kaunti ya Bungoma. Kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills kilianza kazi 1974, kikiwa cha ubia wa serikali ya Kenya, Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) na wawekezaji wa India. Kwa zaidi ya miaka 30 msafiri wa barabara ya Kitale au Malaba alijua amefika Webuye kabla ya kuuona mji, kwa ile harufu ya yai viza inayotokana na salfa ya kupikia mbao. Mabati ya nyumba yaliliwa na kutu upesi kupita kiasi. Mtu alibadilisha paa wakati mwenzake wa mji mwingine bado analipaka rangi. Majitaka yaliingia mto Nzoia, mto uleule unaoshuka kutoka milima ya Cherangani na Elgon, ukapita mashamba ya Trans Nzoia, ukaendelea hadi Mumias na Budalang'i kwenye Ziwa Viktoria. Uchafu wa Webuye haujawahi kuwa wa Webuye peke yake. Madeni yalipokifunga kiwanda hicho 2009 hewa ilisafika, na mji ukafa njaa. Vibanda vya chakula vilifungwa, nyumba za kupanga zikabaki tupu, na wakazi haohao waliolalamikia harufu wakadai kiwanda kifunguliwe. Mwaka 2016 kilikabidhiwa wenye mali wapya. Nalikumbusha hili kwa sababu yeyote anayezungumzia moshi wa viwanda magharibi mwa Kenya lazima azungumzie na ugali wa watu. Jirani hataki kiwanda kife. Anataka kifanye kazi bila kumla.

Biashara ya kaboni ingelisaidia Webuye? Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Kwenye daftari la kaboni, kuni au vumbi la mbao kutoka msitu unaopandwa upya huhesabiwa kama sifuri, kwa hoja kwamba mti mpya utainyonya tena hewa ileile. Kiwanda chochote kinachoacha mafuta mazito na kuanza kuchoma mabaki ya mbao kinaweza kudai hati kwa kila tani ya kaboni ambayo mafuta hayo yangetoa. Lakini tanuri la kuni lisilo na vichujio vizuri kwenye dohani linaweza kumwaga chembechembe laini nyingi kuliko la mafuta. Daftari linaonyesha ushindi wakati kamba ya kuanikia nguo inaonyesha masizi. Kiwanda hicho kikifunga vichujio, jirani atashukuru, ila hakitapata hata hati moja kwa kazi hiyo, maana kichujio kinakamata masizi, si kaboni. Soko linalipa nusu ya usafi na kuiacha nusu nyingine kwa hisani ya mwenye kiwanda.

Mumias, chini zaidi kwenye mto huohuo, tunao mfano halisi. Mwaka 2008 mradi wa umeme wa megawati 35 wa kampuni ya sukari ya Mumias ulisajiliwa chini ya Mfumo wa Maendeleo Safi wa Kyoto. Makapi ya miwa yaliyokamuliwa yalichomwa kuzalisha mvuke, mvuke ukazungusha mitambo, na megawati 26 zikapelekwa kwenye gridi ya taifa. Ulikuwa mradi wa maana. Makapi yanayorundikwa huoza na kutoa gesi mbaya zaidi ya kaboni, na nchi ilikuwa na njaa ya umeme. Lakini tazama hati zilihesabiwaje. Umeme wa makapi ulihesabiwa kuwa unachukua nafasi ya umeme ambao ungezalishwa na mitambo mingine ya gridi, ikiwemo ile inayochoma mafuta mazito kama ya Kipevu, Mombasa. Kwa hiyo moshi uliopungua, kama ulipungua, ulikuwa wa pwani, mamia ya kilomita kutoka pale tanuri lilipowaka. Sisemi Mumias ilidhulumiwa. Ninachosema ni kwamba hesabu nzima ilifanyika, kaboni ikapimwa kwa fomula iliyoidhinishwa kimataifa, na katika hesabu hiyo hapakuwa na mahali pa kuuliza hewa ya Mumias imekuwa nzuri au mbaya. Halafu 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu kwa madeni, matanuri yakiwa yameshapoa. Hati hailindi kiwanda kisianguke wala mji usife nacho.

Kuna mtu atanikatiza hapa na kusema: umeacha miradi ya majiko, ambayo inapunguza moshi palepale mama anapopika. Ni kweli, na hoja hii ina uzito kuliko zote. Sensa ya 2019 ilionyesha asilimia 55.1 ya kaya za Kenya zinapika kwa kuni na asilimia 11.6 kwa makaa. Jiko linalotumia kuni nusu linaokoa msitu, linaokoa muda wa mama, na likiwa zuri linapunguza moshi chumbani. Hapa masilahi ya dunia na ya Kipsongo yangeweza kukutana. Tatizo ni kwamba soko linalipa makadirio ya kuni ambazo hazikuchomwa, na kitu ambacho hakikutokea ni rahisi kukikadiria kwa ukarimu. Utafiti uliochapishwa Januari 2024 katika jarida la Nature Sustainability uliangalia miradi ya majiko ya nchi mbalimbali ukakuta hati zilizotolewa zilizidi upunguzaji halisi kwa wastani wa mara 9.2. Majiko mengi hukaa ndani pamoja na mafiga. La kisasa linachemsha chai, mafiga yanapika maharagwe na githeri.

Bungoma na jirani zake wana kumbukumbu yao ya jambo hili. Mwaka 2011 kampuni ya Vestergaard Frandsen iligawa bure takriban vichujio 880,000 vya maji nyumba kwa nyumba katika mkoa wa Magharibi wa wakati ule, yaani Bungoma, Kakamega, Busia na Vihiga. Gharama ilikusudiwa kurudishwa kwa hati za kaboni. Hesabu ilikuwa hivi: mtu akichuja maji hachemshi, asipochemsha hachomi kuni, asipochoma kuni kuna tani imeokolewa. Kanuni ziliruhusu kuhesabu hata kaya ambazo hazikuwa zikichemsha maji, kwa hoja kwamba zingechemsha kama zisingekuwa maskini. Naielewa huruma iliyo ndani ya kanuni hiyo, maana bila yake maskini kabisa asingepata kichujio. Lakini kuni ambazo hazikuwa zinachomwa hazitoi moshi wa kupunguza. Na utafiti uliochapishwa 2017 ulikuta kwamba miaka miwili hadi mitatu baada ya ugawaji, takriban kaya 1 tu kati ya 5 ndiyo iliyokuwa bado inatumia kichujio. Tani zilizouzwa kwa makadirio ya namna hiyo zinampa mchafuzi wa ng'ambo ruhusa halisi ya kutoa moshi halisi kwa jirani zake huko. Jirani huyo naye anavuta hewa, na pengine ni maskini kama wa Kipsongo. Watu hawa wawili wameunganishwa na karatasi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona.

Mradi wa udongo wa Bungoma, nilioanza nao, kwa kweli ndio ulio karibu zaidi na kile ninachokitaka, ingawa ulifika huko bila kukusudia. Mkulima aliyeacha kuchoma mabua ameondoa moshi halisi mahali halisi, ule unaotanda mashambani mahindi yakishavunwa na ardhi ikiandaliwa. Aliyepanda sesbania amepata kuni za matawi nyumbani, hakwenda kuvamia msitu wa Elgon. Mavuno yake yameongezeka, na hilo lilimfaa kuliko hati. Gawanya tani 24,788 za awamu ile ya kwanza kwa wakulima karibu 30,000 waliohusika na utaona kila mmoja hakufikisha hata tani moja. Pesa yake isingetosha kulipa kibarua cha palizi. Waliodumu walidumu kwa sababu ya mahindi. Lakini nani alinufaika na hewa iliyosafika? Kila aliyepo upande upepo unakovuma, mwenye shamba na asiye nalo. Hilo lingeweza kupimwa na kulipwa, na halikupimwa. Wala haikupimwa hatari ya kinyume chake, kwamba makaa na kuni vikipungua upande mmoja, mfanyabiashara wa makaa anaelekeza lori lake Pokot Magharibi na Turkana, na gunia linafika Kitale bei imepanda. Asiye na shamba Kipsongo anarudi kwenye vipande vya mbao zilizopakwa rangi na plastiki, moshi mbaya kuliko wote.

Wachumi wana pingamizi ambalo sipendi kulipita haraka. Wanasema kila dhara lina dawa yake: kaboni itibiwe na soko la kaboni, masizi yatibiwe na sheria ya masizi, na kuchanganya dawa ni kuziharibu zote. Kenya inayo sheria hiyo. Mwaka 2014 zilitungwa kanuni za ubora wa hewa chini ya mamlaka ya mazingira, NEMA, na Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ningelikubali pingamizi hili bila kusita kama dawa zote mbili zingekuwa zinanyweshwa kwa nguvu sawa. Haziko sawa. Upande wa kaboni kuna wakaguzi wa kimataifa, setilaiti, madaftari na wanunuzi wenye fedha. Upande wa masizi ni mitambo michache ya kupima hewa, tena mingi yake iko Nairobi. Kilicho na fedha hupimwa, na kisichopimwa hakina mtu wa kukilalamikia. Kuuomba upande wenye fedha usaidie kununua vipimo vya upande wa pili si kuharibu dawa.

Wengine watasema masharti ya kupima hewa yatafukuza wawekezaji, na kwamba nchi inayotoa asilimia ndogo sana ya hewa chafu ya dunia haina sababu ya kujibana. Hoja ya asilimia hiyo inajibu swali jingine. Inahusu joto la dunia, nami nazungumzia kifua cha mtoto, ambacho hakipokei moshi kwa asilimia ya dunia. Kuhusu wawekezaji, wanunuzi wa kaboni wamepata fedheha kubwa miaka hii kwa tani zilizotiliwa shaka. Mradi unaoweza kuonyesha hewa ya mji ilivyokuwa kabla na baada una ushahidi ambao hauwezi kubuniwa ofisini. Moshi ukipungua kwenye kipimo, kuna kitu kimeacha kuungua kweli.

Bunge lilipata nafasi ya kuyaweka masharti haya. Sheria ya Marekebisho ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2023, iliyotiwa saini siku chache kabla ya Mkutano wa Tabianchi wa Afrika uliofanyika Nairobi, inataka kila mradi wa kaboni ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na jamii. Inataka pia miradi ya ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato baada ya kutoa gharama, na mingine asilimia 25. Ni hatua kubwa, na waliopigania asilimia hizo wanastahili heshima. Hata hivyo mgao huo umefungwa kwenye mikataba ya miradi iliyo juu ya ardhi ya umma na ardhi ya jamii. Trans Nzoia na Bungoma sehemu kubwa ni mashamba ya watu binafsi yenye hati. Na hata pale unapofika, jamii inayolipwa ni ya wenye kuitumia ardhi hiyo. Mji ulio upande wa upepo si jamii kwa maana hiyo. Kipsongo, kwa lugha ya sheria hii, haipo.

Marekebisho yanayohitajika si makubwa. Tathmini ya athari ambayo tayari inadaiwa ipime chembechembe laini katika mji ulio karibu na mradi, kabla haujaanza na kila mwaka baadaye, na takwimu hizo ziwekwe kwenye daftari la taifa la kaboni pembeni mwa tani, mahali ambapo mnunuzi atazisoma. Mradi wa kiwanda usipate kibali bila vichujio vya dohani. Na tangazo la mkutano wa kusikiliza maoni ya wananchi lisibandikwe kwa chifu wa eneo la mradi tu. Libandikwe pia Webuye sokoni, na Kipsongo, kwa Kiswahili na kwa Kiturkana, na mkutano uwekwe saa ambayo mama wa mafiga ameshapika.